Je, wajua kwa nini sahani ya samaki haikosi ndimu?

Jioni moja katika Mji wa Kale, Mombasa, niliketi kula na binamu yangu aliyeshuka kutoka Nakuru. Mezani palikuwa na changu wa kupaka, kamba wa kukaanga kwa kitunguu thomu, pweza wa nazi, viazi karai vya kutuliza njaa tukingoja, na kisahani cha ndimu zilizokatwa vipande vinne vinne. Binamu akauliza swali ambalo mtu wa pwani huliona la kitoto: "Kaka, hizi ndimu ni za nini?"

Nilimjibu kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Nikamwambia samaki wa bahari huzaliwa na shombo, kwa kuwa bahari yenyewe inanuka hivyo, na ndimu ina harufu kali inayoifunika shombo hiyo, kama vile udi unavyofunika harufu ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Mpishi, mzee aliyekuwa akigeuza ngisi kwenye jiko la makaa hatua chache kutoka tulipoketi, alinisikia. Wala hakugeuka. "Shombo si ya samaki, mwanangu," alisema. "Ni ya saa."

Nilidhani ni mafumbo, ambayo wazee wa Mji wa Kale hawaishiwi. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba alikuwa akinisomesha kemia, na kwamba katika sentensi moja nilikuwa nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ndilo kubwa, na naona wengi tuko nalo. Samaki aliyetoka majini sasa hivi hana shombo. Nenda soko la samaki asubuhi mashua zinapoingia, umwinue tafi ambaye macho yake bado yanang'aa, umnuse karibu na matamvua. Utakachosikia ni harufu nyepesi ya kijani, kama tango lililokatwa au majani yaliyofikichwa. Hilo si tashibiha la mshairi: vimeng'enya vilivyo katika ngozi na matamvua ya samaki huvunja mafuta yake na kutoa kemikali za jamaa moja na zile zinazolipa tango harufu yake. Na ile tunayoiita harufu ya bahari, inayokupokea ukitembea ufukweni Mama Ngina, Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, ni kitu kingine tena, chenye asili ya salfa, kitokanacho na mwani na viumbe vidogo vya majini. Bahari hainuki shombo. Samaki hai hanuki shombo. Shombo huanza pale samaki anapokufa na saa kuanza kuhesabu.

Niliupinga ukweli huu kwa muda, nakiri. Mtu aliyekua akinunua samaki saa nane mchana, wakati jua la Mombasa limekwisha kufanya kazi yake, huamini kwamba hivyo ndivyo samaki alivyo. Ni sawa na mtu aliyewahi kuonja maziwa yaliyoganda tu kusema kwamba ng'ombe hutoa maziwa machungu.

Sasa shombo hutoka wapi? Mwilini mwa samaki wa bahari mna kitu kisicho na harufu kabisa, kiitwacho oksidi ya trimethilamini. Huwasaidia kuishi katika maji ya chumvi, na hukinga protini zao zisipondwe na uzito wa maji. Kadiri samaki anavyoishi kina kirefu ndivyo anavyobeba nyingi zaidi, hadi wanasayansi wakakisia kwamba kuna kina ambacho samaki hawezi kukipita, kiasi cha mita 8,200 hadi 8,400. Mwaka 2022 samaki alipigwa picha karibu na Japani akiwa mita 8,336 chini ya maji. Hayo hayamhusu changu wetu wa mwambani, lakini nimeshindwa kuyaacha.

Samaki akifa, bakteria waliokuwa kwenye ngozi, matamvua na utumbo wanapata uhuru. Wengi wao, wakikosa hewa, huinyang'anya kemikali ile oksijeni yake na kuitumia kama pumzi. Kinachobaki ni trimethilamini tupu, na hiyo ndiyo shombo. Kwa hiyo unaposikia shombo, kwa namna fulani unanusa mabaki ya pumzi za bakteria, na ukali wake ni kipimo cha muda waliokaa hapo. Samaki mmoja akioza wote wameoza, walisema wahenga, na ukikumbuka jinsi samaki wanavyolazwa kikapuni wakigusana na kuchuruzikiana maji, methali hiyo ni sahihi hata maabara.

Barafu huwachelewesha bakteria hao, na hapa mna ajabu yake: kwa kawaida samaki wa bahari za joto, akitiwa barafuni mara tu, hudumu siku nyingi kuliko samaki wa bahari za baridi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba bakteria wa kwetu wamezoea joto na barafu huwaduwaza, ilhali wa kule wamezaliwa kwenye baridi. Maelezo hayo yanaingia akilini, ingawa tofauti hubadilika sana kutoka samaki hadi samaki, kwa hiyo usiyatumie kubishana na mchuuzi.

Tuje kwenye kosa langu la pili, yaani ndimu kama udi. Kama ndimu ingefanya kazi kwa kufunika, basi siki isingefaa, maana siki haina harufu nzuri ya kufunika chochote. Ukwaju nao haunukii hivyo. Wala embe mbichi. Hata hivyo vyote vinne vimo katika mapishi ya samaki wa pwani, na vyote vinne huituliza shombo. Vinashirikiana ukali wa ulimini, yaani asidi: ya sitriki kwenye ndimu, ya tartariki kwenye ukwaju, ya asetiki kwenye siki.

Kazi ya asidi hiyo ni ya nanga. Trimethilamini ni chembe nyepesi mno. Ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 3 tu za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la Mombasa inataka kupaa muda wote. Ifikirie kama mashua ndogo iliyofika Bandari ya Kale bila nanga: upepo ukivuma kidogo, imekwenda zake. Asidi huipa kila chembe chaji ya umeme, na chembe yenye chaji hushikwa na maji. Mashua imetia nanga. Bado ipo pale pale bandarini, imebeba shehena ile ile, ila haiwezi kutoka kufikia pua yako. Na pua hainusi kilichobaki kwenye sahani, hunusa kilichopaa.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo niliposhangaa. Hata kabla hujakamua ndimu, nyama ya samaki yenyewe haiko mbali na asidi, na karibu mashua zote zimekwisha kutia nanga. Hesabu ya kemia husema ni chembe 1 hivi kati ya 1,000 iliyo huru. Malalamiko yote ya pua zetu yanaletwa na huyo mmoja. Lakini huyo mmoja ana desturi mbaya. Akipaa, mwingine anang'oa nanga kushika nafasi yake, kama foleni ya feri ya Likoni: wanaopanda ni wachache kwa wakati mmoja, ila nafasi ikipatikana mbele, aliye nyuma amekwisha kusogea. Ndiyo maana shombo haiishi kwa kufungua dirisha. Kinachofanywa na ndimu ni kubana lango. Kila kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikishuka kwa namba moja, walio huru hupungua mara kumi. Kikishuka kwa mbili, mara mia. Matone machache yanatosha kuifanya foleni isimame.

Basi ndimu haiondoi shombo. Huifunga tu. Kinachoiondoa ni maji yatakayokuja baadaye, na hapa mama zetu walikuwa mbele ya vitabu: samaki hupakwa ndimu na chumvi, huachwa kidogo, kisha husuuzwa. Kwanza unaziunganisha chembe na maji, halafu unayamwaga maji pamoja nazo.

Ukitaka ushahidi, uko mikononi mwako. Umekula samaki kwa vidole, umenawa kwa sabuni ya kipande, umenusa, na shombo ipo, pengine imezidi. Sabuni hiyo ni alikali, kinyume cha asidi, inang'oa nanga. Ndiyo maana kule hotelini huletewa maji ya vuguvugu yenye kipande cha ndimu. Nilizoea kuliona bakuli lile kama adabu ya kizungu. Ni adabu kweli, lakini ina hesabu ndani yake. Kwa wenye moyo mgumu: chukua maji uliyooshea samaki, uyagawe vikombe viwili, kimoja ukamulie ndimu, kingine utie chembe ya magadi. Fanya jaribio hilo uani, si jikoni.

Ukishalijua hili, orodha ya vyakula vya Mombasa unaisoma upya. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju au ndimu. Kiungo hicho kikikosekana, tui linakuwa tamu lakini linamwacha samaki peke yake na makosa yake. Mchuzi wa nguru hutiwa ukwaju au embe mbichi. Hata papa mkavu, ambaye harufu yake hutangulia kuingia nyumbani, huelewana na ukali: papa hubeba urea nyingi mwilini, nayo huvunjika kuwa amonia, na amonia pia hutiwa nanga na asidi. Kuna mkahawa maarufu wa Nyali, unaotazama maji ya Mji wa Kale, unaoitwa Tamarind, yaani ukwaju. Sijui kama mwenye kuuita hivyo alifikiria kemia. Namhesabia alama hata hivyo.

Tusiipe ndimu sifa zisizo zake, lakini. Si kila harufu mbaya ya samaki ni trimethilamini. Mafuta yakichacha hutoa harufu zake, na hizo ndimu haizifungi hivyo. Ile ladha ya tope kwa samaki wa bwawani hutokana na kitu kiitwacho jiosmini. Asidi hukivunja, ila kwa nguvu na muda wa ndimu ya mezani nisingekula kiapo. Na kabla hujamwambia mtu kwamba samaki wa maji matamu hawana kemikali ya shombo, kama nilivyotaka kumwambia binamu: kwa wengi ni kweli, lakini mbuta na tilapia wa Ziwa Victoria wamepatikana nayo kwa kiasi kisicho kidogo.

La hatari zaidi ni kudhani kwamba samaki asiyenuka ni samaki salama. Jodari aliyekaa juani hujaa kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondolewi na ndimu wala moto, na anaweza kukuwasha mwili mzima na kukutia wekundu wa uso bila kunuka chochote cha ajabu. Nyama iliyogeuka nyeupe ndani ya ndimu nayo haijaiva. Imebadilika umbo tu, na minyoo au bakteria wanaweza kuwa bado wamo. Ndimu iliyokamuliwa kupita kiasi juu ya samaki ambaye hujamnusa hunipa mashaka siku hizi, na nimekuwa mgeni wa kuudhi: namnusa kwanza, wahudumu wakinitazama.

Tena hatunusi sawa. Mwaka 2020 watafiti wa Iceland walichapisha kwamba baadhi ya watu wana tofauti ndogo kwenye jeni ya kipokezi cha pua kinachonasa trimethilamini. Wakinusishwa harufu ya samaki, wengine hawasikii kitu, na wengine husema inanukia waridi, karameli au viazi. Tofauti hiyo ilionekana zaidi Iceland kuliko kwingine.

Nilimtumia binamu habari hiyo. Akanijibu kwa furaha kwamba bila shaka yeye ni mmoja wao, kwa kuwa jioni ile pale mezani hakusikia shombo hata chembe, alisikia viazi. Nimemkumbusha kwamba sahani ya viazi karai ilikuwa mbele yake, na kwamba aliimaliza peke yake.