Amaidi si besi kama amini

Wanafunzi wengi wakiona nitrojeni kwenye molekuli huandika "besi", yaani kitu kinachodaka protoni (H⁺), bila kusita. Kwa amini, sawa: methilamini, amini ndogo, ikiyeyushwa majini hugeuza litimasi (kipima asidi na besi) nyekundu kuwa buluu. Asetamaidi, ambayo ni amaidi yenye nitrojeni ileile, haiibadilishi.

Sababu ni jirani. Katika amaidi, nitrojeni imeshikana na kaboni yenye bondi maradufu na oksijeni, na oksijeni hiyo huvutia kwake jozi huru ya elektroni za nitrojeni ambayo ingedaka protoni. Hata ukitia asidi kali, protoni hutua kwenye oksijeni, si nitrojeni! Mvuto huohuo huikaza bondi ya kaboni na nitrojeni isizunguke ovyo, jambo linalosaidia protini kujikunja kwa mpangilio.

Parasetamoli nayo ni amaidi. Ina uasidi hafifu, unaotokana na kundi lake la haidroksili (OH).