Hiyo "miezi mitatu" umeihesabu kuanzia lini, mama?

Wiki hii nimelisikia tena. Mama kakaa kwenye benchi, namuuliza mimba ina muda gani, ananijibu bila wasiwasi: "Miezi mitatu, nesi. Nilikuwa nasubiri itulie kwanza ndiyo nije." Itulie! Neno hilo limenichosha kuliko zamu za usiku.

Nikamuuliza hedhi ya mwisho aliiona lini. Akatazama dari. Hapa Tanga sihangaiki na tarehe, nina njia yangu. "Ramadhani ulifunga yote?"

"Nadaiwa tano, nesi. Zile za mwishomwisho, Iddi imenikuta bado sijasafika."

Basi tarehe nimeshaipata, tena ya uhakika kuliko ya programu za simu, kwa sababu deni la funga halisahauliki. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani: wiki 16 na siku 2.

Yeye miezi mitatu, mimi wiki 16, na hakuna mwongo kati yetu. Yeye kaanza kuhesabu mwezi aliokosa kuona siku zake. Sisi tunaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama wiki mbili kabla mimba yenyewe haijatungwa. Ndiyo, wiki mbili za mwanzo za ujauzito huna ujauzito. Hata chuoni tulicheka. Lakini siku ya kutungwa mimba haionekani, damu inaonekana, ndiyo maana tukashika ya damu. Kwa hesabu hiyo, siku unayogundua umekosa hedhi tayari una wiki 4, na "miezi mitatu" yako ni wiki yangu ya 16. Mwezi mzima umepotea kabla hujashika kadi.

Hapo sijamtaja mwenye mzunguko wa siku 35, wala aliyeshika mimba akiwa ananyonyesha au ametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Hao utrasaundi ndiyo mkombozi wao, ila iwe ya mapema. Ikipigwa kabla ya wiki ya 14, inakisia umri wa mimba kwa tofauti ya siku 5 hadi 7. Ya wiki ya 32 inaweza kupishana na ukweli kwa wiki 3. Ndiyo maana mwishoni mtu ananijia na tarehe tatu za kujifungua, moja yangu, moja ya picha, moja ya mama mkwe, tunaanza kubishana kama amepitiliza au bado. Nani wa kulaumiwa hapo? Wote wananitazama mimi.

Na huo mwisho wa miezi mitatu ya kwanza uko wapi hasa? Wengine wanasema wiki ya 12 ikitimia, wengine wiki 13 na siku 6. Mimi hutaja ile inayonijia mdomoni kwanza.

Sasa kichefuchefu. Watu wanadhani ni taa, inazimwa siku ya miezi mitatu. Dada wa wiki 11 alikuja analia kwa kuwa kimekata ghafla, na shoga yake kamwambia mtoto kafia tumboni. Siku hiyohiyo akaja mwingine wa wiki 15, bado anatapika, na wifi yake kamwambia si bure, kuna mkono wa mtu. Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na 16, wapo wanaofika 20, na wachache huenda nacho hadi leba. Sisi tulifundishwa kuwa ni hCG, ile homoni inayosomwa na kipimo cha mkojo: inapanda mpaka wiki ya 9 au 10, inashuka, na kichefuchefu nacho kinashuka nayo. Nimewafundisha wanafunzi hivyo, kwa sauti nzito kabisa. Desemba 2023 ukatoka utafiti ulioelekeza lawama kubwa kwa homoni nyingine, GDF15, inayotoka hasa kwenye kondo. Mwanamke ambaye mwili wake umeizoea kabla ya ujauzito huteseka kidogo. Kumbe somo langu la miaka yote lilikuwa nusu.

Kichefuchefu kukata peke yake hakunitishi. Kinachonitisha ni damu, maumivu makali ya upande mmoja, homa, au kutapika mpaka mkojo unakuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Ukiwa unatapika kupita kiasi, unatoka damu, na tumbo limezidi wiki zako, nitawaza mimba ya zabibu, ile ambayo kondo linaota vishada badala ya mimba ya kawaida, na utrasaundi ni leo.

Yule wa wiki 11 nilimkosea. Nilitaka kumtuliza, nikachukua dopla, ile mashine ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto, nikatafuta mapigo dakika kumi nzima bila kuyapata. Alibadilika rangi. Jioni utrasaundi ikaonyesha mtoto anarusha miguu. Katika wiki hizo kizazi bado kimejificha nyuma ya kinena, na dopla inakosa mara nyingi tu. Siku hizi namwonya mama kabla sijampaka jeli. Ile pembe yetu ya kusikilizia kwa sikio ndiyo usiniulize kabla ya wiki ya 20.

Turudi kwenye kutulia. Ukweli kidogo upo: mimba nyingi zinazotoka hutoka kabla ya wiki ya 13. Lakini takriban nusu ya hizo zilikuwa na kasoro ya kromosomu tangu zinatungwa, wala si ndoo ya maji uliyobeba. Kukaa nyumbani hakuzuii chochote. Unaogopa husda? Sina ugomvi, usiwaambie mtaa. Mimi si mtaa.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita, na watu wanadhani ni kwa ajili ya VVU, kaswende na wingi wa damu tu. Kuna presha. Katikati ya ujauzito presha hushuka yenyewe. Mwenye presha ya siku nyingi akinijia wiki ya 18, mashine inasoma vizuri, namwandika mzima. Ikipanda wiki ya 30, sijui kama ni ya zamani au ni kifafa cha mimba kinabisha hodi.

Kinachosubiri kweli ni dawa ya minyoo na SP, ile ya kukinga malaria, inayoanza wiki ya 13, vidonge vitatu, unameza mbele yangu. Ukiwa kwenye septrini, ile ya kila siku ya wenye VVU, SP hupewi. Na foliki ya miligramu 5 mnayojinunulia duka la dawa inaipunguzia SP nguvu, basi niambieni.

Mengine ya baada ya miezi mitatu, haraka: kwenda haja ndogo hupungua kidogo, choo kinakuwa kigumu, fizi zinavuja damu, kinena kinachoma ukiinuka ghafla. Mtoto wa wiki 12 ana urefu kama wa ndimu kubwa, anacheza, ila hutamsikia hadi wiki ya 16 au 20. Wa kike au wa kiume? Bado.

Yule mama wa deni la tano nilimpima: presha 110 kwa 70, kizazi nusu ya njia kuelekea kitovuni. Dopla ikashika mara moja. "Mbona anakimbia hivyo?" Nikamwambia 150 kwa dakika ndiyo mwendo wao. Wingi wa damu ukasoma 9.8, pungufu. Akafungua mkoba kuweka kadi mpya, nikaona pakiti ya udongo, imeshafunguliwa.

"Wa nani huo?"

"Wa wifi, nesi."