Mlolongo wa 1988 ulikuwa nini hasa?

Kijana wa Kenya akisikia neno "mlolongo" hufikiria mji ule wa malori kwenye barabara ya kwenda Mombasa, au foleni ya watu waliorauka kwenda kupiga kura. Mzazi wake akilisikia neno hilo hilo katika mazungumzo ya siasa, anakumbuka Jumatatu ya Februari 22, 1988, siku ya mchujo wa kuteua wagombea ubunge wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa nchini wakati huo. Siku hiyo hapakuwa na foleni ya kwendea kura, kwa sababu foleni yenyewe ndiyo iliyokuwa kura.

Ilifanyika hivi. Watu walikusanyika uwanjani, penye nafasi ya kujipanga. Kila mgombea, au wakala wake, alisimama mahali pake na picha ya mgombea ikiwa imeinuliwa juu ionekane. Mwenye kadi ya KANU akaenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Muda ulipotimia msimamizi alipita akihesabu vichwa, akaandika idadi, akatangaza. Kisha watu wakarudi nyumbani.

Hapo kwenye kurudi nyumbani ndipo penye uzito wote. Karatasi za kura zikihesabiwa vibaya, sanduku linaweza kufunguliwa tena na karatasi zikahesabiwa upya. Mlolongo ukishatawanyika umekwisha. Waliosimama nyuma ya mgombea huyu wameshachanganyika na wa yule, mmoja yuko shambani, mwingine sokoni, na kilichobaki ni nambari moja kwenye daftari la msimamizi. Ndiyo maana manung'uniko ya 1988 yalifanana sehemu nyingi za nchi: mstari uliokuwa mrefu mbele ya macho ya kijiji kizima ulitangazwa kuwa mfupi. Watu walijua walichokiona, lakini hawakuwa na cha kukithibitishia.

Ili kuelewa kwa nini siku moja ya mchujo ilikuwa na nguvu hivyo, lazima turudi nyuma kidogo. Tangu KPU, chama cha upinzani, kilipopigwa marufuku mwaka 1969, Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa vitendo. Juni 1982 Kifungu 2A kiliingizwa katika Katiba na KANU ikawa chama pekee kwa sheria. Hata hivyo, tusidhani kwamba chaguzi za chama kimoja zote zilikuwa mchezo wa kuigiza. Katika zile za 1969, 1974, 1979 na 1983, wanachama wa chama kile kile walishindana kwa kura ya siri, na wabunge wengi, wakiwemo mawaziri, waliangushwa. Mpiga kura hakuweza kubadilisha chama, lakini alimfikia mbunge wake aliyemsahau miaka mitano na kumwondoa. Huo ndio mlango mdogo uliokuwa umebaki wazi, na mlolongo uliuziba.

Agosti 1986 mkutano wa wajumbe wa KANU ulikubali kwamba mchujo wa wagombea ufanywe kwa kupanga mstari. Waliotetea walisema ni njia ya wazi, haina gharama, inaeleweka na asiyejua kusoma, na kwamba Mwafrika tangu zamani alitoa msimamo wake hadharani mbele ya wazee. Hoja hiyo ina mvuto. Lakini mzee wa baraza alikuwa anasema mbele ya wenzake, hakuwa anasema mbele ya chifu na mkuu wa wilaya wanaoamua nani atapata leseni ya duka na nani atanyimwa. Mwalimu, mwenye kibanda, mjane anayedai shamba la marehemu mumewe: hao wote walitakiwa kuchagua upande huku wakitazamwa. Viongozi wa makanisa waliliona mapema. Baraza la Makanisa, pamoja na maaskofu kama Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, walipinga, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa nyepesi kueleweka: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atawahubiria vipi waliosimama nyuma ya mwingine?

Kulikuwa na kanuni nyingine ambayo huwa haitajwi sana, nami naona ndiyo iliyofanya madhara makubwa zaidi. Mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi mlolongoni alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Hakuenda tena kwenye kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa Machi 21. Na hiyo asilimia ilikuwa ya waliojitokeza kupanga mstari, si ya wapiga kura wote wa jimbo. Tuseme jimbo lina wapiga kura 40,000 na siku ya mchujo wamekuja 3,000. Mgombea akiandikiwa watu 2,100, jimbo zima limepata mbunge wa miaka mitano. Kati ya viti 188, makumi ya viti viliamuliwa kwa njia hiyo. Asiyekuwa na kadi ya chama katika majimbo hayo hakupiga kura ya mbunge kabisa.

Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alipoteza kiti chake cha Starehe mwaka huo. Kenneth Matiba alirudi bungeni na akawa waziri, lakini Desemba 1988 alijiuzulu akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani wa chama. Wawili hao ndio waliosimama pamoja mwaka 1990 kudai vyama vingi, na wakawekwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, mkutano wa Julai 7 wa kudai vyama vingi.

Na bunge lililozaliwa na mlolongo lilifanya nini? Agosti 1988, miezi michache baada ya kuapishwa, lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyowaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, na kuruhusu polisi kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani.

Malalamiko hayakupoa. Mwaka 1990 kamati ya KANU iliyoongozwa na George Saitoti, makamu wa rais, ilizunguka nchini kusikiliza wananchi, na Desemba mwaka huo wajumbe wakauacha mlolongo pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye Kifungu 2A nacho kikafutwa.

Njia yenyewe haijafa katika kanda yetu. Uganda ilichagua viongozi wa vijiji mwaka 2018 kwa watu kujipanga nyuma ya wagombea. Kwa Kenya, Katiba ya 2010 inataja kura ya siri katika Ibara ya 81, na Ibara ya 86 inadai vifaa vya uchaguzi vitunzwe salama, ili mwenye shaka apate mahali pa kurudi kuangalia.