"Sina la kuficha," kwa nini nipige kura ya siri?

Swali hili hatulikosi tunapotoa elimu ya mpiga kura, iwe Kongwa, Mpwapwa au hapa Dodoma mjini. Watu wanatangaza vyama vyao kwa fulana, vitenge na simu, sasa kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa faragha, cha nini? Mzee mmoja aliniambia kwamba kwenye mkutano wa kijiji wananyoosha mikono mchana kweupe na mambo yanakwenda.

Yanakwenda, lakini tazama nani anachelewa kunyoosha. Mkulima aliyekopa hela ya mbegu na palizi kwa mnunuzi wa mahindi hugeuza shingo kwanza, aone mkopeshaji wake amekaa upande gani. Hakuna aliyemtisha, deni lenyewe linatosha.

Uingereza ilikuwa hivyo hadi 1872. Mpiga kura alitaja mgombea wake kwa sauti mbele ya karani, na mwenye shamba alilopanga akasikia. Makoloni yake ya Victoria na South Australia, kule Australia, yalikuwa yametangulia kuweka kura ya siri mwaka 1856. Jirani zetu Kenya walirudi nyuma mwaka 1988: katika mchujo wa KANU, chama kilichotawala peke yake wakati ule, watu walipanga foleni nyuma ya wagombea wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Wakenya wanaukumbuka mlolongo ule kwa uchungu, maana mistari mifupi ilitangazwa mirefu. Hata uwazi, kumbe, hauzuii wizi.

Na sisi tumewahi kuvutana juu ya jambo hili, tena hapahapa Dodoma. Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilibishania kura ya siri na ya wazi, mwishowe kila mjumbe akaachiwa achague anayoitaka. Kwangu mimi huo ulikuwa usiri nusu. Wenzako wakipiga kwa wazi, wewe ukiomba ya siri tayari umejitambulisha.

Hapo ndipo jibu la yule asiye na la kuficha lilipo. Nje ya kituo sema utakavyo. Hakuna anayekuziba mdomo. Lakini ndani ya kituturi usiri si mali yako peke yako. Ukipata njia ya kuthibitisha ulivyopiga, jirani yako naye atadaiwa uthibitisho, na mume, bosi au mgawa takrima. Leo mtu anachukua elfu kumi, anaitikia "nitakupa", kisha anaweka vema anapotaka, na mtoa hela hana pa kuhakiki. Biashara hiyo inamtia hasara. Picha ya karatasi ya kura iliyopigwa kwa simu ndiyo risiti anayoitafuta, kwa hiyo simu hainifurahishi hata kidogo.

Vijana hupenda kunitajia Estonia, inayopiga kura kwa intaneti tangu 2005. Kweli, ila Waestonia walijua kwamba nyumbani hakuna kituturi: mtu aliyesimamiwa akapiga kwa shinikizo anaruhusiwa kupiga tena baadaye, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Kwa wasioona, kuna kifaa cha nukta nundu cha kupigia kura mwenyewe. Ukitaka msaidizi, chagua unayemwamini, asiwe wa kuletewa na mtu mwingine.