Chai ya saa nne kwenye kongamano la wanablogu

Blogu ya Issa Michuzi, mojawapo ya zilizowazoesha Watanzania kusoma habari mtandaoni, haikuzaliwa Dar es Salaam. Ilizaliwa Helsinki, Septemba 2005. Michuzi, mpigapicha wa gazeti, alikuwa huko kufuatilia mkutano wa kimataifa. Akakutana na Ndesanjo Macha, ambaye tayari alikuwa akiandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili, na Macha akamwelekeza namna ya kufungua ya kwake. Mkutano wenyewe haukuhusu blogu hata kidogo.

Kisa hiki hunijia kila mwandishi mwenzangu anaponiuliza kama kuna haja ya kujikamua nauli na malazi kwa ajili ya kongamano la siku mbili. Namjibu aende, lakini aende kazini.

Mada nyingi za jukwaani utazipata baadaye: namna ya kuongeza wasomaji, kamera ipi inafaa, matangazo yanalipaje. Usichoweza kukipata baadaye ni mtu aliyekaa kiti cha pili kutoka kwako. Kwa hiyo kabla sijasafiri huwa napitia orodha ya washiriki, nachagua watatu au wanne, nasoma kazi zao, kisha namwandikia kila mmoja swali moja daftarini. Ukimwambia mtu "naipenda blogu yako", atakushukuru na mazungumzo yataishia hapo. Muulize anapataje bei za mahindi sokoni kila wiki bila kudanganywa na madalali, uone kama chai haitapoa mkononi mwake.

Na chai ya saa nne ndiyo saa yangu ya kazi. Sikai na niliokuja nao.

Hapo hapo kwenye chai ndipo nilipowahi kukosea vibaya. Dada mmoja alinisimulia jinsi mfadhili alivyomshinikiza aondoe makala. Usiku nikayaweka maneno yake kwenye blogu yangu, pamoja na jina lake. Asubuhi alinifuata akiwa na machozi. Alidhani tunazungumza kama ndugu, na mkataba wake ulikuwa bado haujaisha. Niliyafuta, lakini watu walikwisha kuyasoma. Tangu siku ile, yaliyosemwa jukwaani nayanukuu, ya mezani naomba ruhusa kwanza, na naomba kwa maneno yaliyo wazi: "Naweza kuandika hili, na jina lako?" Picha vilevile. Kitambulisho alichokivaa mtu shingoni hakimaanishi amekubali sura yake isambae.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka mvua inyeshe. Mwaka 2018 Tanzania ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni, na mwanablogu akatakiwa kuwa na leseni. Ada za kuanzia, ukizijumlisha, zilipita shilingi milioni 2. Mashirika ya haki na ya wanahabari yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara, yakapata zuio la muda, nalo likaondolewa mwezi huohuo wa Mei. Mei hiyohiyo, Kenya ilikuwa na sheria yake mpya ya makosa ya mtandaoni. Aliyekwenda mahakamani kule alikuwa BAKE, chama cha wanablogu wenyewe, na vifungu 26 vikasimamishwa hadi 2020. Sisemi kwamba chama kinashinda kila kesi. Ninachosema ni kwamba watu hawawezi kuwa walalamikaji wa pamoja kama hawajawahi hata kushikana mikono, na mikono hiyo hushikana kwenye makongamano kama haya.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Omba ufadhili wa nauli mapema, maana nafasi huwa chache na huisha kabla ratiba haijatoka. Ukiupata, mwambie msomaji wako kwenye aya ya kwanza nani amekulipia. Na lile begi la zawadi lenye karatasi za wadhamini, zisome, ila usizinakili. Nimeona blogu tano zikitoa aya ileile siku moja, neno kwa neno, na nikasikitika kwa ajili ya wasomaji wao.

Usiku wa kwanza silali kabla sijaandika rasimu, hata iwe mbovu kiasi gani, kwa sababu ukifika nyumbani sauti za watu zinakuwa zimeshafifia na mwandiko wako mwenyewe hausomeki. Nawekea alama kila jina na kila tarakimu nisiyo na hakika nayo. Asubuhi nawahi ukumbini na daftari, nawatafuta wenye majina hayo mmoja mmoja, kabla basi la kuwapeleka uwanja wa ndege halijafika.