Kompyuta mpakato iliyochoka: itengenezwe au inunuliwe nyingine? Dhana potofu na ukweli

Mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anaambiwa mashine yake imezeeka. Mtumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali hukohuko Dodoma, anaambiwa apige Windows upya, yaani aifute na kuiweka tena. Wote wawili wanatoa pesa kabla mtu hajapima chochote. Lakini kompyuta haizeeki yote kwa pamoja. Diski ina umri wake, betri ina wake, feni ina wake, na mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba prosesa (chipu inayofanya hesabu zote), huweza kudumu miaka kumi na zaidi isipochomwa na joto au kuingiwa na maji. Kabla ya kuuliza bei ya mashine nyingine, uliza ni kipuri gani kimechoka na kama kinaweza kutolewa na kubadilishwa.

Dhana: "Imekuwa nzito kwa sababu imezeeka."

Prosesa haipungui kasi kwa kuhesabu miaka. Mashine nyingi zilizouzwa kabla ya 2018 zilikuja na diski ya kuzunguka, mara nyingi ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Diski hiyo huhudumia maombi mia moja hivi kwa sekunde, na Windows ya leo huomba mafaili madogo madogo kwa maelfu pindi inapowaka. Hapo ndipo foleni inapoanza.

Pima mwenyewe. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Task Manager na utazame diski. Ikiwa inasoma asilimia 100 kwa dakika kadhaa huku data inayopita ni megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, mkosaji umempata. Kisha weka programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, utazame mistari ya namba 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Yote ikiwa sifuri, diski ni polepole tu. Ikiwa C5 ina namba inayopanda kila siku, diski inakufa: acha kila kitu, nakili kazi zako kwanza.

Tiba ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Mashine za zamani huchukua ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Za baadaye huchukua ile nyembamba ya M.2, na hapo lazima ujue kama tundu ni la SATA au la NVMe, njia mbili tofauti za kupitisha data, maana zinafanana kwa umbo na hazibadilishani. GB 256 zinamtosha mtu wa nyaraka na masomo, mradi aache angalau asilimia 15 wazi. Kama diski ya zamani bado ni nzima, fundi ainakili yote kwa waya wa USB kwenda SATA. Hakuna haja ya kuanza upya. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tatu itawaka ndani ya nusu dakika.

Jihadhari na SSD na flashi za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa na ujazo mkubwa kuliko zilionao. Programu ya H2testw hujaza diski mpaka mwisho kisha husoma tena ilichoandika. Ifanye siku hiyohiyo uliyonunua, risiti ikiwa bado mkononi.

Dhana: "Piga Windows, itarudi kuwa mpya."

Kupiga Windows hutibu programu iliyoharibika na virusi. Hakutibu diski mbovu. Huleta nafuu ya wiki mbili, kwa sababu mafaili yameandikwa upya mahali pazima pa diski, kisha shida hurudi. Ubaya mkubwa ni kwamba anayepiga Windows juu ya diski inayokufa anaandika juu ya kazi ambazo zingeweza kuokolewa. Ukisikia diski inagonga tik-tik, zima. Usikubali iguswe na mtu ambaye hajakuuliza: "Kazi zako ziko wapi?"

Dhana: "Inapata moto kwa sababu Dodoma ni joto."

Joto la Dodoma si kali hivyo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku watu huvaa masweta. Adui ni vumbi. Kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba ardhi ni kavu, upepo unavuma, na feni ya kompyuta inafyonza unga ule mwekundu mchana kutwa. Vumbi halikai kwenye feni yenyewe kwa wingi. Hukwama nyuma yake, kwenye mapezi membamba ya kupozea, likashikana na nyuzi za nguo hadi likawa kama kipande cha blanketi. Hewa haitoki. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, nawe unaona mashine "nzito" na kulaumu umri wake. Ikizidi, inajizima ghafla katikati ya kazi.

Kupuliza bloa kwenye matundu kwa nje hakutoshi: kile kiblanketi husogea ndani tu, na feni ikizungushwa kwa kasi ya bloa huumia beringi. Usafi unaofaa uko hivi. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, tenganisha betri kabla ya kugusa kingine chochote. Panga skrubu juu ya karatasi uliyochora umbo la mfuniko, kila moja mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hutoboa au kuvunja. Ondoa feni, toa kile kiblanketi kwa brashi laini, kisha puliza mapezi kuelekea nje huku feni imezuiwa kwa kijiti cha meno. Kama miaka mitatu imepita, badilisha na pesti ya joto: futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje mbili za mchele juu ya prosesa, kisha kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake, kidogo kidogo kwa zamu. Vile vipande laini vya mpira vilivyo juu ya chipu nyingine visiondolewe na kupakwa pesti badala yake. Vinajaza nafasi ambayo pesti haiwezi kuijaza.

Kwa anayekaa Nkuhungu, Ihumwa au popote barabara ya mtaa ni ya vumbi, usafi huu ni wa kila mwaka. Ndio utengenezaji wa bei ndogo kuliko wote, na ndio unaorukwa zaidi.

Dhana: "Ongeza RAM, itakimbia."

Inategemea. RAM ni kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua. Tazama Task Manager ukiwa na kazi zako zote wazi. RAM ikijaa zaidi ya asilimia 85, kuongeza kutoka GB 4 hadi 8 kutaonekana. Ikikaa asilimia 50, pesa hiyo ipeleke kwenye SSD. Kabla ya kununua hakikisha aina: DDR3, DDR3L na DDR4 ni vitu vitatu tofauti, na mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35 huweza kugoma kuwaka ukiipa DDR3 ya volti 1.5. Nyingine nyembamba zina RAM iliyochomelewa kabisa. Hapo hakuna cha kuongeza. Na wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na umevaa sweta, mwili hubeba umeme tuli unaoweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote. Gusa kitu cha chuma kilichounganika na ardhi kwanza.

Dhana: "Betri imekufa, lakini natumia umeme wa ukutani, hakuna tatizo."

Tatizo lipo, na hapa kwetu ni kubwa. Umeme ukikatika, mashine isiyo na betri hufa papo hapo, pengine katikati ya kuandika kwenye diski. Ikitokea mara nyingi, mafaili ya Windows huharibika, na mwenye mashine anadhani kompyuta nzima imekwisha. Kumbe chanzo ni betri mbovu.

Kuipima ni amri moja. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ukurasa itakaokutajia. Linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa: 45,000 iliyobaki 27,000 ni asilimia 60. Chini ya 50, badilisha. Unaponunua, tumia namba iliyochapwa kwenye betri yenyewe, si jina la kompyuta, kwa sababu modeli moja huweza kuwa na betri za aina mbili. Volti ilingane: ya 11.1 haichukui nafasi ya 14.8. Kumbuka pia kwamba betri iliyokaa rafuni miaka minne ni betri ya miaka minne hata kama karatasi yake haijachanwa.

Betri iliyovimba, ile inayoinua padi ya kugusia au kufanya mfuniko usifunge, haisubiri mwisho wa mwezi. Acha kuichaji leo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiitupe kwenye moto wa takataka.

Dhana: "Chaja yenye ampea kubwa itaiunguza."

Volti ndiyo lazima ilingane. Ampea zikizidi hakuna shida, mashine huchukua kiasi inachohitaji. Zikipungua, chaja huchemka na betri haijai. Baadhi ya mashine, za Dell kwa mfano, husoma chipu iliyo ndani ya chaja, na zisipoitambua huwaka lakini hazichaji na hupunguza kasi. Kuna watu wameuza kompyuta nzima kwa kosa la chaja.

Dhana: "Haiwaki kabisa, mazabodi imekufa."

Hukumu hii hutolewa mapema kuliko zote. Kabla ya kuikubali, fuata mpangilio huu. Pima chaja kwa mita au jaribu nyingine ya volti ileile. Chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaja peke yake, jaribu. Chomoa tena, toa RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, rudisha moja moja katika kila tundu. Kama taa zinawaka na feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, unganisha televisheni kwa waya wa HDMI: picha ikitokea huko, mashine ni nzima na tatizo ni kioo au waya wake, ambao hukatika kwenye bawaba.

Kuna pia kabetri kadogo, kwa kawaida CR2032, kinachotunza saa. Kikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka na tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Kipuri hicho kinauzwa hata kwenye maduka ya saa.

Ikithibitika kwamba ni mazabodi kweli, usikubali ipashwe moto kwa bunduki ya hewa ili "chipu ikae". Hufufuka kwa wiki chache kisha hulala tena, kwa sababu ufa uliokuwa ndani ya chipu haujaondoka. Mazabodi iliyokufa ndiyo mpaka wenyewe: toa SSD na RAM, uza kioo na kibodi kama spea, nunua mashine nyingine.

Dhana: "Imemwagikiwa chai, izike kwenye mchele."

Mchele haufyonzi maji yaliyo chini ya chipu, na huacha unga. Zima kwa nguvu, chomoa, igeuze kama paa la nyumba, ifunguliwe siku hiyohiyo na kusafishwa kwa spiriti ya isopropili. Chai ya sukari na soda ni hatari kuliko maji matupu, kwa sababu mabaki yake hula shaba polepole hata mashine ikiwa inawaka.

Dhana: "Windows 10 imekwisha, kwa hiyo kompyuta imekwisha."

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Hoja hii ni ya kweli na isipuuzwe na anayeshika fedha au siri za ofisi. Lakini kwa wa kuandika, kusoma na intaneti, Linux Mint ni ya bure na inatembea vizuri kwenye RAM ya GB 4. Ijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote. Kasoro yake: nyaraka za Word zenye majedwali mengi huweza kusogea mpangilio.

Dhana: "Matengenezo yakizidi nusu ya bei, tupa."

Kanuni si mbaya, ila inahesabu vibaya. Gawa gharama mafungu mawili. SSD na RAM zitahamia mashine ijayo kama aina inalingana, kwa hiyo pesa hiyo haijapotea. Betri, kioo, bawaba na kibodi vinabaki na mashine hii. Linganisha fungu la pili tu na bei ya mashine nyingine *iliyotumika* yenye uwezo sawa, si na mpya ya dukani. Ongeza na nauli ya kipuri: kisichopatikana madukani katikati ya mji huagizwa Kariakoo na kupanda basi kilomita 450, na kikija kisicho chenyewe safari inarudiwa. Mtumie muuzaji picha ya namba za kipuri cha zamani kabla hajafunga mzigo.

Dhana: "Core i7 yoyote inaishinda i5."

Tarakimu zinazofuata ndizo zinazosema. i7-2620M ni ya kizazi cha 2 na ina viini viwili; i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na ina vinne, na huiacha mbali huku ikila umeme mdogo. Wauzaji wa mashine zilizotumika huandika "Core i7" kwa herufi kubwa na kunyamazia namba.

Ukiamua kununua, kaa nayo dukani dakika ishirini. Tazama namba ya prosesa, toa ripoti ya betri, fungua CrystalDiskInfo, jaribu kila tundu na kila kitufe, cheza video mpaka feni ianze kuvuma. Mwisho izime, iwashe ukiingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, au ikitaja jina la kampuni iliyoifunga, irudishe mezani.