Feni ya rejeta ikizunguka baada ya kuzima gari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Umeegesha gari mtaani Tudor, Mombasa, umechomoa ufunguo, na feni ya rejeta bado inavuma. Jirani anapita, anasikiliza, anatoa hukumu: "Kata huo waya bwana, kesho hutakuta betri." Ushauri huo hutolewa Mombasa nzima kwa nia njema, nao unaweza kukuharibia injini.

"Injini ikizimwa feni nayo isimame, la sivyo gari ni bovu"

Inategemea gari gani. Volkswagen, Peugeot, Mercedes na magari mengine mengi ya Ulaya yametengenezwa hivyo makusudi: ufunguo ukishatoka feni huachiwa umeme kwa dakika kadhaa, pengine hata kumi, kisha hujizima yenyewe. Ukizima injini, pampu ya maji kwa kawaida nayo husimama, ila chuma cha injini bado kina moto. Maji yaliyotulia humo yanaendelea kupokea joto hilo, kwa hiyo dakika za mwanzo joto lake hupanda badala ya kushuka. Mwezi wa pili au wa tatu, hewa yenyewe imepita nyuzi 30 na umetoka kwenye foleni ya feri Likoni AC ikiwa imewashwa, usishangae kuisikia feni kila unapoegesha.

Kwa Toyota nyingi za kawaida zinazoshuka bandarini kwetu, Probox, Vitz na wenzao, mambo ni kinyume. Humo rilei ya feni, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, hupata amri kupitia swichi ya ufunguo, hivyo ukizima gari, feni inapaswa kusimama papo hapo. Ikiendelea, hapo kweli kuna hitilafu. Kitabu cha gari ndicho chenye jibu, na kwa kuwa vitabu vya magari ya mtumba vingi ni vya Kijapani, muulize fundi anayelijua gari la aina yako kwa undani.

"Lazima itanyonya betri"

Tupige hesabu. Feni ya gari dogo hula kama ampea 10 hadi 20, tuchukue 15. Kwa dakika tano hiyo ni ampea-saa 1.25, na betri ya gari dogo hubeba kama 45. Haifiki hata asilimia tatu. Gari lisilo na kasoro, likiwa limeegeshwa na kila kitu kimezimwa, huvuta umeme kidogo wa saa, alamu na kompyuta, na mafundi huukubali hadi miliampea 50 hivi. Kwa kiwango hicho, siku moja ni ampea-saa 1.2. Yaani zile dakika tano za feni zinazokutisha ni karibu sawa na kuliacha gari likae siku moja tu bila kuguswa.

Feni isiyojizima ni habari nyingine. Ampea 15 kwa saa tatu ni 45, betri yote. Ukiegesha saa nne usiku, kufika saa saba imekwisha, na nguvu ya kupiga stata itakuwa imetoka mapema zaidi. Basi tazama saa. Robo saa ikipita bado inazunguka, usiingie kulala ukaiacha hivyo.

"Ikigoma kuzima, ikate, ufunge swichi yako kwenye dashibodi"

Hii ndiyo inayoniuma. Siku utakayosahau kuiwasha, kwenye msongamano wa Buxton, maji yatachemka na gasketi ya silinda hedi iungue. Siku utakayosahau kuizima, betri itakufa vilevile.

Mara nyingi mwenye kosa ni rilei, kitu cha bei ndogo. Ndani yake mna vibati viwili vidogo vinavyogusana kupitisha umeme wa feni. Kila vinapogusana na kuachana hutoa cheche. Miaka ikipita huungua, na siku moja hugandana kama vilivyochomelewa. Ichomoe rilei. Feni ikisimama, ishike rilei mkononi na uweke mita ya umeme, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, kwenye miguu yake miwili inayopitisha umeme wa feni (kwenye rilei nyingi ni namba 30 na 87). Mita ikilia, vibati vimegandana, badilisha. Lakini mwambie fundi apime pia feni yenyewe inavuta ampea ngapi, maana mota iliyochakaa huvuta umeme mwingi na itaiunguza rilei mpya vilevile.

Mita isipolia, rilei ni nzima na kuna kinachoituma. Fungua soketi ya sensa ya joto. Hewa yetu ya chumvi hupenda sana soketi za mbele ya gari. Ukikuta ukoko wa kijani kwenye pini, umeshapata pa kuanzia. Magari mengi, sensa ikipoteza mawasiliano, kompyuta huwasha feni makusudi ili injini isiungue. Anayekata waya hapo anakata kinga. Kwenye magari ya Ulaya mkague pia kidude cha kudhibiti feni, ambacho mara nyingi kimefungwa hapohapo ilipo feni na hupigwa na maji na vumbi.

Kununua betri kubwa hakuponyi chochote: ya ampea-saa 70 itamaliza saa nne na kitu badala ya tatu. Na kutoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta injini ikiwa baridi, kwa sababu "Pwani ni joto" ni kosa jingine. Injini ikishika moto themostati hufunguka yenyewe; ukiitoa, injini huchelewa kupata joto lake na kompyuta huongeza petroli.

Kama feni yako hujizima vizuri na bado gari linakataa asubuhi, iache feni. Pima betri kabla ya kuwasha: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Halafu kagua traka, alamu na redio vilivyoongezwa na mafundi, pamoja na umri wa betri, kwa sababu joto huizeesha haraka.

Kabla ya kuingiza mkono karibu na feni, hata gari likiwa limezimwa na limenyamaza, chomoa waya wa negativu kwenye betri. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka ghafla bila mtu kugusa ufunguo, na hukata vidole.